Bunduki ya Kushindilia: Habari za Kasongo na Kabambare



Katika nyumba ya babu yangu, upande wa Kabambare, palikuwa na kitu kimoja ambacho sisi watoto tulikatazwa kabisa kukigusa. Kilitundikwa darini, mahali penye moshi, kimeviringishwa katika gome la mti. Babu alikiita bastola. Mtu aliyezoea kuona bastola za askari asingekitambua. Kilikuwa kipande cha kasiba ya chuma, urefu wake kama tangu kiwiko hata vidole, kimetiwa katika mti mgumu uliopindwa kama mpini, na ubavuni mwake nyundo ndogo ya kupigia fataki. Nyuma hakikuwa na mlango wa kuingizia risasi. Kila kitu kiliingia kwa mdomo: kwanza baruti, kisha nyuzi za mgomba, kisha vipande vya risasi, kisha nyuzi tena, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki mfupi wa chuma.

Nilipokuwa seminarini nilirudi nyumbani wakati wa likizo, na babu akaniona nimekuwa mtu mzima. Akanipa kitambaa na mafuta ya mawese, akaniambia niisafishe. Nikaisugua, na chini ya kutu, karibu na mahali pa moto, nikaona alama iliyopigwa katika chuma: duara lililorefushwa kama yai, ndani yake herufi tatu, E, L, G, na chini yake nyota ndogo. Nilidhani ni jina la mtu. Babu hakujua. Alisema tu kwamba alama ile ilikuwako tangu zamani, na baba yake, aliyekuwa mhunzi, hakutaka kamwe kuifuta kwa tupa, maana alisema ni shahidi wa kasiba.

Miaka mingi baadaye nikajua kwamba mhunzi yule alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Alama ile ni ya nyumba ya kupimia bunduki ya mji wa Liège, katika Ubelgiji. Kila kasiba iliyofanywa huko ilitiwa baruti nyingi na kupigwa mara ya kwanza kwa kuijaribu. Isipopasuka ilipigwa chapa ile. Tena tangu mwaka 1893 waliongeza taji juu ya yai. Bastola ya babu haina taji. Basi kasiba yake ilipimwa kabla ya mwaka ule, na mwaka ule ndio Kasongo ilipotekwa na majeshi ya Mfalme Leopold.

Nikamwuliza babu, "Babu, nani aliyeileta huku?"

Akajibu mara moja, "Waarabu."

Nikamwuliza tena, "Nao walimpa nani?"

Hapo akanyamaza, akaniambia nirudishe kitu darini.

Jibu hili la "Waarabu" nimelisikia katika kila kijiji tangu Kabambare mpaka Lualaba. Ukiuliza habari za bunduki za kale, za watumwa, za vijiji vilivyochomwa, utajibiwa neno moja. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo nitakayoijaribu hapa, kwa kuifuata bunduki yenyewe.

Kabla ya bunduki watu wa nchi hii hawakukosa nyama. Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, wote walikuwa na nyavu, mikuki, mashimo na mitego, na wahunzi wao walijua chuma. Bunduki ilikuja kwa njia ya pembe za ndovu. Misafara iliondoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda magharibi, na Kabambare ikawa moja ya vituo vyao vikubwa kwenye njia ya Kasongo na Nyangwe. Livingstone alifika hapo mwezi wa Septemba 1869. Katika maandiko yake aliita Bambarre. Alikaa hapo miezi mingi, vidonda vya miguu vikimzuia, akiona wafanya biashara wakipita na kurudi. Pembe zilikuwa nyingi na za bei ndogo, kwa kuwa wenyeji hawakuwa na desturi ya kuziuza mbali. Habari hii ikafika Ujiji, na watu wakamiminika.

Mwaka 1871 Livingstone akaendelea mpaka Nyangwe, penye soko kubwa kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai aliona jambo ambalo hakulisahau mpaka kufa. Watu watatu wa mfanya biashara aitwaye Dugumbe waliingia sokoni na bunduki zao. Haikuwa desturi kuja sokoni na bunduki, naye Livingstone alitaka kuwakemea. Mmoja alikuwa akigombana na mtu kwa ajili ya kuku. Mara bunduki zikalia katikati ya watu. Wengi sokoni walikuwa wanawake wenye vikapu. Wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wengine wakapigwa majini wakijaribu kuogelea. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Katika kitabu kilichochapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake, imeandikwa kwamba Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, lakini Dugumbe akamzuia asijitie katika kisasi cha damu. Nilipoisoma habari hii niliwaza muda mrefu juu ya bastola ile ambayo haikulia. Bunduki nyingi zililia siku ile Nyangwe, na moja tu, iliyokuwa mikononi mwa mtu mwenye huruma, ikanyamaza. Sijui kama tumlaumu au tumshukuru. Angepiga, pengine asingetoka Nyangwe, nasi tusingejua habari zile.

Lakini tazameni jambo hili. Waliopiga si mabwana wenyewe wa Pwani. Ni watu wao: watumwa, wafuasi, vijana waliopewa bunduki. Tena Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi na wino, akaandika siku zile juu ya magazeti ya kale kwa maji ya matunda ya porini. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma maandiko hayo yaliyofifia kwa kutumia mianga ya rangi mbalimbali, wakaona kwamba daftari na kitabu hazifanani pote, hasa katika habari za mwenendo wa watumishi wake mwenyewe. Nataja hili kwa sababu linaonyesha namna watu wanavyoandika. Kila mtu, hata aliye mwema, huandika habari za bunduki akiiweka katika mkono wa mwingine.

Na bunduki hizo zilitoka wapi? Hazikufuliwa Unguja, wala Arabuni. Zilitoka Ulaya. Huko majeshi yalipoacha bunduki za kale na kuchukua mpya, zile za kale ziliuzwa kwa bei ya chini, tena mafundi wa Liège na wa Birmingham walifanya nyingine za namna hiyohiyo kwa ajili ya biashara ya Afrika tu. Mwaka 1888 konseli wa Kiingereza huko Unguja alikisia kwamba kila mwaka bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kwa njia ya pwani ya mashariki. Basi kasiba ya babu ilifanywa na Wabelgiji, ikapita baharini, ikabebwa begani tangu Bagamoyo au mahali pengine pa Mrima, ikavuka ziwa, ikafika kwetu kabla Mbelgiji hajatawala Kabambare. Aliyenunua alikuwa mtu wa Pwani. Aliyefaidi kwanza alikuwa mwenye kiwanda.

Bwana mkubwa wa Kasongo alikuwa Hamed bin Muhammad, ambaye dunia nzima inamwita Tippu Tip. Mwenyewe alieleza, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Mtu mwingine angeona haya kuitwa kwa mlio wa bunduki; yeye alijivunia. Lakini alijua pia udhaifu wake. Bunduki ya kushindilia bila baruti ni fimbo, tena fimbo nzito. Mwaka 1887 alipoahidi kumpa Stanley wapagazi wa kwenda kumtafuta Emin Pasha, baruti ilikuwamo katika mapatano, na baruti isipotolewa akaona ana udhuru wa kukawia. Wazungu walimlaumu sana kwa hilo. Mimi naona alifanya kama mwindaji yeyote: hakutuma mbwa porini bila kuwalisha.

Katika Kasongo na vijiji vyake waliishi watu wengi walioitwa waungwana. Wachache walikuwa Waarabu, wengine watu wa Pwani na wa Unyamwezi, lakini wengi kabisa walikuwa watoto wa nchi hii: Wakusu, Watetela, Wazimba, Wabangubangu, Wasongye. Waliletwa wakiwa wadogo, wakajifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakapewa majina mapya. Kijana aliyeonekana hodari alipewa bunduki. Siku ile aliyopewa bunduki hakuhesabiwa tena katika waliokamatwa. Alihesabiwa katika wakamataji.

Vita kati ya watu hawa na Dola ya Kongo vilianza mwaka 1892. Kwa upande mmoja alikuwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, na baadaye Rumaliza. Kwa upande wa pili alikuwa Francis Dhanis pamoja na askari wake, na Gongo Lutete aliyewaacha mabwana zake wa kwanza. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka uleule, na Kabambare Januari 1894. Katika vitabu vya shule vya zamani vita hivi viliitwa vita vya kuwaondolea watu utumwa. Utumwa kweli ulipungua. Lakini mkitazama mikononi mwa wapiganaji, mtaona watu wa nchi moja pande zote mbili. Watu wa Gongo Lutete walibeba bunduki za kushindilia sawasawa na watu wa Sefu. Askari wa Dola walikuwa na bunduki ziitwazo Albini, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Tofauti ni kubwa. Mwenye kushindilia hupiga mara moja, halafu husimama wima na kumwaga baruti, kutia nyuzi, kushindilia, kutia fataki. Na wakati huo wote mwenye Albini anampiga mara nyingi. Tena mvua ikinyesha, baruti ya huyu imekuwa matope.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa nimekwisha kuwa mkatekista. Kwa nini bunduki ya kushindilia ilibaki kwetu miaka mia na zaidi, ilhali mahali pengine ilikwisha kuwa kitu cha kutazamwa tu? Watu husema, "Ni ujinga wetu." Sivyo. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mapatano ya Brussels juu ya kuzuia biashara ya watumwa. Ndani yake yalikatazwa kuingizwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digri 20 kaskazini mpaka digri 22 kusini. Bunduki nzuri, zenye mifuo ndani ya kasiba na za kutiwa risasi nyuma, zilikatazwa zaidi. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa.

Fikirini. Sheria ile ilisema inataka kumzuia mwindaji wa watu, na naamini walioiandika wengine walikuwa na nia njema. Lakini bunduki iliyoachwa ipite ndiyo ileile iliyotumika Nyangwe. Iliyozuiwa ni ile ambayo ingeweza kumshinda askari wa Dola. Basi mtu mweusi akaachiwa bunduki ya babu zake, na mtawala akabaki na ya siku zake.

Wakati wa Wabelgiji mtu mwenye sifa njema aliweza kupata kibali cha bunduki ya namna hiyo. Gumegume zilikuwa zimekwisha kubadilishwa. Mahali pa jiwe pakawekwa kichuchu cha chuma na fataki juu yake. Wabelgiji walizitaja katika karatasi kuwa bunduki za pistoni, na wazee wetu wakalichukua neno hilo. Baba yake babu alikuwa na karatasi ya namna hii. Nayo ilileta kisa ambacho nitakieleza baadaye kidogo, kwa kuwa kwanza lazima niseme jinsi bunduki ndefu ilivyokuwa bastola.

Mzee huyo, kama nilivyosema, alikuwa mhunzi. Alikuwa na mivukuto ya ngozi, fuawe, nyundo mbili na tupa moja iliyochakaa. Alifua majembe, visu na mikuki. Lakini sifa yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya bunduki. Watu walitoka mbali kumletea. Babu, aliyekuwa kijana wa kuvuta mivukuto, alinieleza kwamba kasiba haikumsumbua baba yake kama ulivyomsumbua ule utepe wa chuma unaorusha nyundo. Chuma cha jembe kikipindwa hubaki kimepinda. Utepe lazima upindwe urudi, tena maelfu ya mara. Chuma cha kufaa alikitafuta katika misumeno iliyovunjika, baadaye katika machuma ya malori. Alikipasha moto, akakizimisha, akakirudisha juu ya makaa polepole akitazama rangi. Rangi ya majani makavu ilikuwa mapema mno, utepe ungevunjika. Akingoja mpaka rangi ya anga la jioni. Aliifanya kazi hiyo ndani ya nyumba yenye giza, wala hakutaka mtu aseme naye.

Siku moja, kabla ya Uhuru wa mwaka 1960, ndugu yake mkubwa aliazima bunduki ndefu kwenda kuwinda nyati. Akaishindilia, akapiga, fataki ikalia lakini baruti haikuwaka. Nyati akakimbia. Mtu yule akarudi kambini, akala, akalala. Asubuhi akasahau kwamba bunduki ina chakula tumboni, akaishindilia mara ya pili. Alipopiga, kasiba ikapasuka mbele kama ua. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, na jicho lilipona kwa rehema ya Mungu tu. Wawindaji wote wazee wanajua sheria hii: kabla ya kushindilia ingiza mdeki kwanza, utazame unaishia wapi. Ndiyo maana mideki mizuri ina alama ya kisu, moja ya bunduki tupu na moja ya bunduki iliyojaa.

Kasiba ilipopasuka, watu walisema itupwe. Mhunzi akaitazama siku mbili. Sehemu ya nyuma, penye chuma kinene na alama ya Liège, ilikuwa nzima. Akaikata kwa tupa, kazi ya siku nyingi, akalainisha mdomo, akachonga mpini mpya wa mti usiopasuka upesi, akaurudisha mtambo wa zamani. Akaipata bastola. Kabla ya kuitia mkononi aliifunga juu ya gogo, akafunga kamba kwenye kifyatulio, akajificha nyuma ya kichuguu, akaivuta. Alifanya hivyo mara tatu. Huko kijijini kwetu hakujua kwamba anafanya sawasawa na wale wapimaji wa Liège.

Mkuu wa kijiji akamwambia apeleke habari kwa wakubwa, maana bunduki imebadilika umbo. Mzee akaenda na karatasi yake. Karani mmoja mgeni akamwuliza ana nini. Mzee akajibu, "Pistoni, bwana, lakini sasa ni fupi." Karani akasikia pistole. Basi palizuka kelele, kwa kuwa mtu wa kijijini kuwa na bastola lilikuwa jambo la kutiwa gerezani. Mzee akakaa kizuizini usiku mmoja. Asubuhi wakaileta silaha mezani, wakubwa wakaitazama, wakacheka mpaka machozi, wakamwachilia. Lakini katika karatasi hawakuandika neno lolote jipya. Ikabaki pistoni, na nyumbani ikaitwa bastola.

Msiidharau kwa sababu walicheka. Ni kweli kwamba kasiba fupi haina nguvu. Baruti haipati nafasi ya kuwaka yote, nyingine hutoka nje kama moto na moshi, na ukipita hatua kumi hupigi kitu ila majani. Kwa nyati au kwa paa mbugani haifai. Lakini katika nyavu inafaa kuliko bunduki ndefu.

Uwindaji wa nyavu hufanyika wakati wa kiangazi. Wanaume hufunga nyavu, moja baada ya moja, kuzunguka kichaka cha bondeni. Wengine huingia na mbwa waliovishwa kengele za mti shingoni. Paa akiingia wavuni hushikwa kwa mikono. Nguruwe wa mwitu ni habari nyingine: huchana wavu, huchana mbwa, na huchana mtu. Mahali pale ni pa miti na miiba. Bunduki ndefu hukwama katika matawi kabla hujaigeuza. Basi mwenye bastola alisimama nyuma ya kona ya nyavu, na nguruwe alipojipigiza na kusokotwa, alikaribia hatua mbili au tatu na kupiga mara moja nyuma ya sikio. Hakukuwa na mara ya pili. Babu alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Kovu refu mguuni mwake lilikuwa la siku ambayo fataki ilikuwa imepata unyevu.

Nyama ilipogawanywa palikuwa na fungu la nyavu, fungu la mbwa na fungu la bunduki. Fungu la bunduki ni la mwenye chuma, hata kama mpigaji ni mwingine. Watu wengine kijijini walinung'unika juu ya fungu hilo. Nikiwa mtoto nilidhani ni wivu wa nyama.

Katika vita vya mwaka 1998 mpaka 2003 kila upande ulitafuta silaha nyumbani kwa watu. Mtu aliyekutwa na bunduki, hata ya kushindilia, aliambiwa ni wa upande ule mwingine. Babu aliipaka bastola mawese, akaifunga katika mpira na gome, akaizika katika shamba la mihogo. Vita vilipokwisha akaifukua mwenyewe usiku. Nilikuwa mtoto mdogo, nami nilishika taa.

Miaka michache kabla ya kufa kwake aliniita. Nilikuwa nimekwisha kuanza kazi ya katekisimu, na pengine aliona mimi ni mtu wa kusikiliza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, uliniuliza Waarabu walimpa nani. Walimpa babu yangu." Kisha akaeleza. Babu yake alikamatwa mtoto, ng'ambo ya Lualaba, kijiji chao kilipochomwa. Akalelewa katika nyumba ya mwungwana mmoja wa Kasongo. Akawa mrefu, akapewa bunduki ile. Akaenda na wenzake miaka kadhaa, na baadhi ya vijiji walivyoviendea viko upande huu wa Kabambare. Wabelgiji walipoingia Kasongo akakimbia na bunduki yake, akaja kujificha katika nchi ambayo alikuwa ameidhuru, akaoa huku.

"Watu wanajua?" nikamwuliza.

"Wazee wanajua. Kwa nini unadhani wananung'unika juu ya fungu la bunduki?"

Nikakumbuka nyumba zile zilizonung'unika. Nilikuwa nimekula kwao, nimesoma na watoto wao. Babu akasema kwamba baba yake, mhunzi, aliwafulia majembe ya bure miaka mingi bila kusema sababu, nao walipokea bila kuuliza sababu. Hayo tu. Sikusikia kwamba walipatana kwa maneno.

Basi, wasomaji, hiyo ndiyo nusu ya pili. Chuma cha Liège, mnunuzi wa Pwani, mpigaji mtoto wa Maniema aliyekamatwa kisha akakamata wengine, na mhunzi mtoto wake. Nikisema "Waarabu" peke yake nawaficha watu watatu, na mmoja wao ni damu yangu.

Siku hizi wawindaji wengi wa kwetu hutumia bunduki za risasi za kalibre 12, nyingine za dukani, nyingine zimefanywa na mafundi wa vijijini, lakini za kushindilia hazijakwisha. Sheria ya uwindaji ni ya mwaka 1982, na ile ya silaha ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Hii ya pili inadai kila mwenye silaha awe na kibali. Nyama nayo imepungua. Penye nyati wa zamani hizo sasa mtu hutembea siku nzima aone kima na ndege tu, na kijana mwenye bunduki hupiga hata jike lenye mtoto, jambo ambalo wazee wa nyavu wangelikataa.

Babu alipokufa, bastola ilimfikia baba mdogo. Kiangazi kilichopita alikwenda nayo bondeni pamoja na wenye nyavu, wakapata nguruwe mmoja. Fungu la bunduki alilikata mbele ya watu, akalipeleka mwenyewe katika moja ya nyumba zile. Mama wa nyumba akalipokea, akamwambia aketi anywe maji.

Nilimshauri aende kuomba kibali, kwa kuwa karatasi ya kale imeliwa na mchwa na sheria ni sheria. Akaniitikia kwamba nimesema vema. Kisha akaiinua bastola, akaitazama pande zote, akaniuliza, "Lakini wewe uliyesoma, tutawaambia waandike nini? Pistoni au pistole?"

Mpaka leo hatujakwenda.